Utamu wa Beri Si Kipimo cha Sukari Yake

Ukitafuna kranberi mbivu, uso lazima ujikunje. Hata hivyo gramu 100 zake zina sukari ya takriban gramu 4, karibu sawa na rasiberi. Stroberi, ambayo watoto huila kama pipi, haifiki hata gramu 5. Kinachokunja uso ni asidi, wala si upungufu wa sukari. Ulimi hupima sukari ikiwa tayari imeshindana na uchachu, halafu harufu ya tunda nayo hufanya utamu uonekane mwingi kuliko ulivyo. Kwa hiyo anayepanga mlo au kupika jemu kwa kuonja tu atakosea, na mara nyingi hatajua kwamba amekosea.

Makadirio ya kuanzia, kwa gramu 100 za beri mbivu za kulimwa, ni haya: rasiberi 4.4, stroberi na blakiberi 4.9, forosadi 8, bluberi 10. Bakuli la bluberi la gramu 150 lina basi gramu 15 za sukari, mara mbili ya bakuli kama hilo la stroberi. Mwenye kisukari anayehesabu wanga apime kwa mizani, maana kikombe kimoja cha beri ndogo hubeba uzito tofauti na kikombe cha beri kubwa. Rasiberi ina faida nyingine: nyuzinyuzi zake, gramu 6.5, zinazidi sukari yake.

Na za mwituni je? Wapo wanaoapa kwamba zina sukari kidogo, na wapo wanaoapa kinyume chake. Hakuna kanuni. Stroberi ya mwituni mara nyingi haifiki gramu 2 kwa uzito, ilhali ya shambani hupita 20 bila shida, na sehemu kubwa ya ukubwa huo ni maji. Tunda dogo lina ganda jingi kwa kila gramu ya nyama, na ladha yake huwa kali, iwe kwa uchachu au kwa harufu. Ukali huo ndio unaowachanganya watu. Kichaka kilicho juani wakati wa ukame na kilicho kivulini baada ya mvua vinaweza kutofautiana zaidi kuliko pori na shamba. (Beri usiyoijua jina usiionje kwa ajili ya utafiti.)

Anayetaka uhakika zaidi atumie refraktometa ya mkono, kile kifaa kinachosoma nyuzi za Brix, yaani kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kwenye juisi, hasa sukari, kwa tone la juisi. Kwanza weka maji yaliyochujwa kwa mvuke, urekebishe mpaka kisome sifuri. Ponda beri kumi au zaidi kutoka pande mbalimbali za kichaka, chuja kwa kitambaa safi, dondosha matone mawili au matatu, funga kifuniko, subiri nusu dakika ndipo usome. Stroberi nzuri husoma 7 hadi 9, bluberi 10 hadi 14.

Makosa hutokea hapa. Tunda moja halitoshi, na kwa stroberi hata kipande kimoja hakitoshi: ncha ni tamu kuliko upande wa kikonyo. Beri zilizolowa umande hupunguza kipimo. Nyuzinyuzi zikibaki kwenye juisi, mstari wa kusomea hufifia. Beri zilizogandishwa ziache ziyeyuke zote kisha uchanganye, kwa kuwa juisi inayotangulia kuyeyuka hubeba sukari nyingi kuliko inayofuata. Zaidi ya yote, Brix si sukari tupu. Asidi na chumvichumvi nazo huhesabiwa; juisi ya limau husoma 7 au 8 ilhali sukari yake haifiki gramu 3. Kadiri beri ilivyo chachu, ndivyo namba inavyokudanganya. Linganisha stroberi na stroberi, usiilinganishe na kranberi.

Kwa mkulima, sukari hutengenezwa kichakani na huishia hapo. Ndizi ina wanga unaogeuka sukari baada ya kukatwa; stroberi, rasiberi na blakiberi hazina akiba hiyo. Stroberi iliyochumwa ikiwa na bega jeupe (sehemu iliyo karibu na kikonyo) itazidi kuwa nyekundu ndani ya kikapu, lakini sukari haitaongezeka. Bluberi iache siku kadhaa baada ya kugeuka buluu, mpaka wekundu ulio kando ya kikonyo uishe. Blakiberi nyeusi inayong'aa bado. Subiri ngozi ififie na tunda liachie kwa kuguswa tu. Punguza umwagiliaji siku za mwisho bila kuuacha mmea unyauke, na mvua kubwa ikinyesha, ahirisha kuchuma siku moja au mbili ikiwa tunda halijaanza kuoza.

Beri zilizokaushwa zihesabu upya kabisa: maji yametoka, sukari imebaki. Kranberi kavu za dukani kwa kawaida huongezwa sukari juu ya hapo, hivyo soma lebo kabla hujazimwaga kwenye uji.