MUULIZE MCHORAJI: Mabati yananidondoka

*Mwalimu, salaam. Nabandika picha za magazeti na vipande vya mabati kwenye plaiwudi. Mvua za Aprili zilipoanza, karatasi zilitoa malengelenge, ubao ukapinda, na asubuhi moja nikakuta mabati sakafuni. Natumia gundi nyeupe ya maseremala. Ninakosea wapi?*
Mbandikaji, Umoja

Gundi yako haina kosa, hata mimi ndiyo ninayotumia. Tuanze na ubao. Nadhani uliupaka rangi upande mmoja tu. Plaiwudi hunywa unyevu, na upande mtupu hunywa zaidi ya ule uliopakwa, ndipo unapopinda kama chapati ya jana. Paka rangi ya maji mbele, nyuma na kwenye kingo zote nne. Hizo kingo ndizo watu husahau.

Malengelenge nayo yanatokana na karatasi kutanuka ikilowa. Ukiilaza kavu juu ya gundi mbichi, inatanukia papo hapo na haina pa kwenda ila kufura. Ipake mgongoni gundi iliyozimuliwa kwa maji, isubiri ilegee, ndipo uilaze. Nina kadi ya benki iliyokwisha muda zamani. Nakwangua nayo kutoka katikati kwenda nje mpaka hewa yote itoke. Gundi ikikaribia kukauka naifunika nailoni, juu yake ubao, juu ya ubao mtungi wa lita 20 uliojaa. Nyumbani kwangu wameshazoea kuamka na kuambiwa maji ya chai yako kazini.

Mabati ni habari nyingine. Gundi ya seremala hupenda kitu chenye vinyweleo, chuma hakina. Toboa matundu mawili kwa msumari, pitisha waya laini wa kufungia nondo, usokote kwa nyuma. Kabla ya hapo yaoshe kwa sabuni (ninayookota Kamukunji huwa na grisi), yapige msasa, uyapake ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu inayopakwa mageti. Ukiruka hapo, kutu itachomoza juu ya picha yako.

Hukuuliza, lakini nakwambia: usidanganyike na uji wa ngano eti gundi ni ghali. Niliwahi kuuza kazi niliyoibandika kwa uji. Mteja akapiga simu baada ya miezi michache, mende wamekula uso wa bibi kwenye picha, wameacha leso. Nilirudisha pesa.

*Gazeti likigeuka njano nifanyeje?*
Wambui, Kayole

Gazeti ni mbao iliyosagwa, kwa hiyo likipigwa na jua litageuka tu. Ukitaka picha idumu, itoe kopi kwa mashine ya leza kwenye karatasi nzuri. Printa ya wino wa maji itakuliza: ukipitisha brashi ya gundi, nyuso zinatiririka. Binafsi kuna magazeti ninayoyaacha yapauke makusudi.

*Naweza kupaka rangi ya mafuta juu ya akriliki?*
Otieno, Kariobangi

Ndiyo. Kinyume chake hapana, akriliki (rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji) juu ya mafuta hubanduka.

*Lebo ya kazi yangu niandike nini? Rafiki anasema "vifaa mseto" inatosha.*
Msanii mpya, Buruburu

Haitoshi. Anayenunua anataka kujua anatundika nini ukutani, na atakayeikarabati baadaye atakushukuru. Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa hapa Nairobi, hataji tu "vifaa mseto" kwa sanamu zake za Sentinel: utasoma udongo, rojo ya karatasi, gundi ya mbao. Udongo mwekundu huu huu unaotuchafulia viatu. Yangu ya mwezi uliopita inasema: "Magazeti, mabati, waya, leso iliyochanika, rangi ya maji, akriliki juu ya plaiwudi." Mteja aliisoma mara mbili, kisha akauliza leso ilikuwa ya nani.