Redio ya mkononi ya baharini: mnauliza, tunajibu

Moja imeandikwa IPX7, nyingine IPX8. Nichukue ipi?

Yoyote, ilimradi inaelea. Hivyo ni vipimo vya kustahimili maji: IPX7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kiwango anachotaja mtengenezaji. Isiyoelea ikikuponyoka imekwenda, hata iwe IPX8. Ijaribu kwenye ndoo ikiwa na betri yake, kisha ifunge kwa kamba kwenye jaketi la kuokolea, si kwenye mashua. Maji huingia zaidi kupitia kifuniko cha tundu la maiki kilichoachwa wazi, au mpira wa betri ulionasa chembe ya mchanga. Kila ukirudi, isuuze kwa maji ya bomba.

Redio za walinzi ni bei chee. Hazifai?

Hazifai. Nyingi ziko kwenye masafa mengine, hazisikii chaneli 16 (156.8 MHz) inayosikilizwa na meli, na wimbi moja tu linaziua.

Muuzaji anasema yake inafika maili 20. Ni kweli?

Boti kwa boti, la. Mawimbi ya VHF, yanayotumiwa na redio hizi, hayafuati mviringo wa dunia, kwa hiyo kinachoamua ni antena iko juu kiasi gani. Chukua kipeuo cha pili cha kimo chake kwa mita, zidisha kwa 2.2, upate maili za baharini. Ukiwa umekaa kwenye mashua, antena iko kama mita 1: maili 2.2. Mwenzako naye vivyo hivyo, basi mtasikizana kwa maili 4 na ushei. Mnara wa pwani wenye antena mita 100 juu unaongeza maili 22. Hapo ndipo hizo 20 zinapotoka. Ukiwa majini, antena sentimita 30 juu ya maji, unabaki na 1.2, na wimbi likikuziba hata hizo huna. Tafadhali ita mapema, mashua ingali inaelea: antena wima, juu kadiri unavyoweza, nguvu ya wati 5. Usilipie zaidi kwa ajili ya wati 6. Anayevua mbali aongeze boya la dharura la setilaiti la 406 MHz.

Kitufe chekundu cha DSC (wito wa dharura wa kidijitali) kina faida?

Kubwa, kama redio ina GPS na umeingiza namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho wa redio yako. Ni tarakimu 9, za Kenya zikianza na 634. Omba kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, au TCRA kwa Tanzania. Iingize kwa uangalifu: redio nyingi hukuruhusu kuiingiza mara moja au mbili tu. Ukikibonyeza na kukishikilia, namba yako ya MMSI na mahali ulipo vinatumwa kupitia chaneli 70. Kisha sema kwa mdomo kwenye 16: Mayday mara tatu, jina la chombo, mahali, shida, idadi ya watu.

Betri inaisha kabla ya saa walizoandika. Ni mbovu?

Si lazima. Saa hizo huhesabiwa redio ikiongea 5% tu ya muda, kupokea 5% na kukaa kimya 90%. Mazungumzo ya karibu yafanye kwa wati 1. Ukiweza, nunua yenye kasha la betri za kawaida za AAA, uziweke kavu ndani ya mfuko uliofungwa.