Wadogo zangu mnaokuja Petrolina, Brazili, msiuonee mwembe huruma

Juma lililopita nimemkuta mwanafunzi mgeni ameshika koki ya matone kwenye kitalu kilichopunguziwa maji. Nilimpigia kelele hata kabla ya salamu. Anisamehe, lakini mkono ule niliuona kama wangu.

1. Jueni maji yanatoka wapi. Mvua hapa ni kama milimita 500 tu kwa mwaka. Skimu ya umwagiliaji ya Nilo Coelho inakunywa mto São Francisco kupitia bwawa la Sobradinho tangu 1984. Ukivuka mfereji wa mwisho ni caatinga, pori kame la miiba mitupu. Kwa hiyo msimu wa maembe hatuungoji, tunautengeneza kwa koki.

2. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikabidhiwa kitalu cha maembe aina ya Tommy Atkins. Miti imepogolewa, imechipua, imepewa shinani paklobutrazoli, dawa ya kuzuia matawi yasirefuke, na maji tumeyapunguza hatua kwa hatua ili matawi yakomae kabla ya kupuliza naitreti, dawa ya kuamsha maua. Sasa mimi nimekulia Tabora, mwembe kwetu haunyweshwi na mtu. Nikaona majani yamelegea, nikasema miti inakufa. Jumamosi jioni, msimamizi hayupo, nikafungua maji hadi asubuhi. Sikumwambia mtu. Nilinyamaza hata walipopuliza naitreti, gharama ile ikaenda bure. Ncha za matawi zilipovimba nilifurahi, nikapasua chipukizi moja kwa kucha kutafuta maua. Ndani kulikuwa na majani matupu, laini, mekundu. Vitalu vya jirani vikachanua, changu kikavaa rangi ya shaba. Kufokewa nilikusahau. Wachumaji, wale walionifundisha Kireno asubuhi kwa asubuhi, walikosa siku za kazi kwenye kitalu kile, na hilo linaniuma mpaka leo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo!

3. Embe likatwe na kikonyo kirefu. Utomvu ukigusa ganda, limeungua.

4. Mzigo wa Marekani unapita maji ya moto ya nyuzi 46.1 kuua funza wa nzi wa matunda. Msiuchanganye na wa Ulaya.

5. Kabla ya koki, shikeni jani. Yule kijana alirudi jana, mwenyewe, kuniuliza kama kitalu chake kiko tayari. Jani lililokomaa ukilifinya kiganjani huvunjika kwa mlio. Tukafinya la kwanza, la pili, la tatu, upande wa jua na wa kivuli. Yote yalijikunja kimya.

"Bado," akasema, akaacha koki ilivyo.