Hesabu huharibikia botini

Wageni wa maabara yetu hukimbilia hadubini. Siwalaumu, hata mimi nilianza hivyo. Lakini hesabu ya zuplanktoni, wanyama wadogo wanaoelea majini, huharibikia botini.

Chukua wavu wenye mdomo wa kipenyo cha nusu mita, ukokote mita 50. Maji yaliyopita ndani ni kama mita za ujazo 9.8. Ukihesabu kopepodi (vijidudu jamaa wa kamba) 240 katika sehemu moja ya ishirini ya sampuli, chupa nzima ina 4,800, yaani karibu 490 kwa kila mita ya ujazo. Sasa kama hukusoma kipima mtiririko mdomoni mwa wavu, hizo mita 50 umezitoa wapi? Umebaki na vijidudu 240 visivyo na bahari.

Lebo iandike kwa penseli, uitumbukize ndani ya chupa. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwa wino juu ya vifuniko. Fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, ikafuta, na chupa sita za ghuba ya Chwaka nikazimwaga. Andika na saa pia. Zuplanktoni wengi hupanda juu usiku na kushuka mchana. Ukilinganisha saa nne asubuhi na saa nne usiku, ukasema bahari imeneemeka, ni giza tu limekudanganya.

Haya, hadubini. Kwanza suuza fomalini, fungua madirisha. Majina ya Kilatini yangoje, tazama vipapasio, ndivyo vinavyotenganisha makundi matatu ya kopepodi. Vya kalanoidi ni virefu, aghalabu hukaribia mkia. Vya siklopoidi vifupi. Vya hapaktikoidi vifupi zaidi, na mwili wake huchongoka kuelekea nyuma. Oithona, siklopoidi mdogo, jike lake hubeba vifuko viwili vya mayai, kama mtu aliyetoka sokoni na kikapu kila upande. Corycaeus, kopepodi mwingine, ana lenzi mbili kubwa mbele, taa za gari kabisa, huyo hutamsahau. Chora kila unayemkuta, hata mkono ukiwa mzito. Mimi miguu niliijua kwa kuchora, macho yalikuwa yanairuka.

Wavu wenye matundu ya mikroni 200 (sehemu ya tano ya milimita) huwapitisha Oithona wengi, kwa hiyo wakionekana haba, uulize wavu kabla hujaishtaki bahari.

Usiyemjua usimbatize jina. Mtie kwenye kijichupa, mpe namba, endelea kuhesabu. Namba 7 yangu iko rafuni mwaka wa nne huu, na kila mgeni anakuja na jina lake.