Kaka anasema shagala hana haja na siasa, Anti nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Anti. Kwetu Kilifi, niko Beirut mwaka wa 3, ni shagala, yaani mfanyakazi wa ndani. Jumapili tukitoka kanisani tunakutana kwa mwenzetu, tulianza na chama cha kuchangiana tu, sasa tuna daftari, tunaandika wasichana waliofungiwa ndani, walioshikiwa pasipoti, ambao hawajalipwa miezi, wamefika 31. Tunataka tuandikie serikali yetu. Kaka yangu kasikia kawa mkali, eti nilienda kutafuta pesa si siasa, na asiyepiga kura hana sauti. Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi nilikuwa Muscat miaka 4, pasipoti yangu iko kabatini kwa madam na ufunguo anauvaa shingoni, nikilala nasikia ukigonga shanga zake, kwa hiyo hilo daftari lenu nalielewa sana.

Kaka yako usimkasirikie, anaogopa kukupoteza. Lakini kuhusu kura amekosea. Ni kweli 2022 vituo vya Wakenya wa nje vilikuwa nchi 12 tu, Qatar na Emirates zimo, Lebanon haimo, hata Saudi ambako wasichana wetu wamejaa haimo, na hilo linaniuma mpaka leo. Ila katiba yetu ya 2010, kifungu cha 119, inasema kila mtu ana haki ya kupeleka petisheni bungeni. Kila mtu. Haijasema mwenye kura, haijasema aliyeko Nairobi.

Halafu huko uliko nyinyi si wa kwanza. Sheria ya kazi ya Lebanon ya 1946 imewaacha nje wafanyakazi wa ndani, ndio maana kafala, ule mfumo wa kufungwa na mwajiri mmoja, inawabana hivyo, kafili (mwajiri anayekudhamini) akikukasirikia unapoteza kazi na karatasi siku moja. Lakini Januari 2015 wanawake wa Ethiopia, Ufilipino, Sri Lanka na kwingineko walikaa pamoja hapohapo Beirut wakaunda chama chao cha wafanyakazi, wizara ikakataa kukitambua, wao wakaendelea. Na Wakenya wenzako baada ya ule mlipuko wa bandari Agosti 2020 walisimama nje ya ubalozi mdogo wakidai kurudishwa nyumbani, Januari 2022 wengine wakapiga kambi palepale kwenye baridi, mabegi yao chini, mpaka waandishi wa habari wakaja na huku nyumbani tukaona. Hao hawakuwa na kura hata mmoja.

Sikufichi ubaya wake. Mwishoni mwa 2016 kiongozi mmoja wa hao wafanyakazi, Mnepali, alikamatwa akafukuzwa nchini. Kwa hiyo msiende kichwakichwa. Barua isitoke na jina lako peke yako, na aliye na kesi ya kafili au ikama yake, kibali cha kukaa, imekwisha asiwekwe mbele, mbele wakae wale ambao karatasi zao ziko sawa au walisharudi Kenya, hao wako wengi na wana uchungu, watafuteni. Kila msichana aulizwe kwanza kama anakubali jina lake litajwe, asiyekubali aandikwe kwa namba.

Na nguvu kubwa iko huku. Ubalozi wenyewe unaosimamia Lebanon uko Kuwait, barua ya Beirut ikienda peke yake inaweza kulala. Lakini mama wa msichana akienda ofisi ya mbunge wake Kilifi na picha ya mwanawe mkononi, hawezi kuambiwa arudi kesho kila siku. Wazazi wa hao 31 wanajuana? Waunganisheni, hata kwa grupu la WhatsApp. Kaka yako huyohuyo mpe kazi, mwambie awasindikize, akishamsikia mama mmoja akilia pale ofisini nadhani hatakuletea tena habari ya shagala na siasa.

Daftari lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa leo hii, mumtumie mtu aliye nje ya Lebanon, msingoje Jumapili.