Je, kurundika maneno kutaipandisha tovuti yangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina nyumba ya wageni mjini Iringa. Fundi aliyenitengenezea tovuti ameweka chini ya ukurasa wa kwanza mlolongo wa maneno kama “hoteli Iringa, hoteli nzuri Iringa, hoteli nafuu Iringa, hoteli Ruaha, hoteli Mbeya”, kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ili wageni wasiyaone. Anasema Google itatupandisha, na anadai malipo zaidi ili aongeze mengine. Je, nimlipe?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, usimlipe, na hayo yaliyokwisha kuwekwa yaondolewe. Mbinu hiyo ilikuwa na nguvu katika miaka ya 1990, wakati injini za kutafuta kama AltaVista, iliyoanza mwaka 1995, zilipotegemea sana maneno yaliyomo ukurasani, hata neno lililorudiwa mara nyingi likaweza kuupandisha ukurasa usio na lolote la maana. Wengine waliyaficha kwa rangi kama alivyofanya fundi wako. Wengine waliyajaza katika sehemu ya msimbo iliyotengwa kwa maneno ya utafutaji, ambayo Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii kabisa kupanga matokeo.

Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipokuja mwaka 1998 na njia ya kupima ukurasa kwa viungo (yaani linki) vinavyoelekea kwake kutoka kurasa nyingine, wadanganyifu nao walihamia huko. Ndiyo sababu milolongo ya aina hiyo, ikiwa na viungo ndani yake, hupachikwa hata katika tovuti za watu wengine wasio na habari. Mabadiliko ya Google ya Aprili 2012, yaliyoitwa Penguin, yalilenga yote mawili, maneno yaliyorundikwa na viungo vya hila. Wala ukubwa wa jina si kinga: Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani katika matokeo yake, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizosheheni maneno kwa ajili ya injini huku mgeni akipelekwa ukurasa mwingine. BMW ilirejeshwa baada ya siku chache. Nyumba ya wageni yenye vyumba vichache haina wataalamu wa kuihangaikia namna hiyo, na hilo ndilo linalonisikitisha katika ushauri uliopewa.

Mahali pa mlolongo huo, elezeni yale ambayo msafiri anayauliza kweli: usafiri wa kwenda Hifadhi ya Ruaha kupitia Tungamalenga, umbali wa kufika Isimila, bei ya chumba, na kama kuna maji ya moto katika baridi ya Juni na Julai. Maneno “Iringa” na “Ruaha” yatajitokeza yenyewe ndani ya sentensi zinazosomeka.

Kisha andika katika Google neno site, nukta pacha (:), na anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Yakitokea majina ya dawa au michezo ya kubahatisha, huenda mtu ameingia kwa siri na kupachika milolongo yake. Fungua pia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ambayo ni ya bure, uone kama tovuti imeadhibiwa. Ikiwa imeadhibiwa, safisha kwanza, ndipo uombe ikaguliwe upya. Nywila zote za tovuti ziwe mikononi mwako wewe mwenyewe kabla hujaachana na fundi huyo.