Ngozi huchomwa, huungua au hubabuka na jua?

SWALI: Mimi ni muuguzi mkoani Mwanza. Tunaandaa kijikaratasi cha wazazi wenye watoto wenye ualbino, na tumekwama kwenye maneno. Mwenzangu kaandika "kuchomwa na jua", mimi napendelea "kuungua na jua", daktari wetu anasema "kubabuka". Lipi sahihi? Tumeandika pia "Epuka jua kali" na "Paka mafuta ya jua". Je, yataeleweka?

JIBU: Ndugu muuguzi, yote matatu ni Kiswahili fasaha, ila hayasemi jambo moja. Kwa mzazi wa mtoto mwenye ualbino tofauti hiyo ni kubwa, maana ngozi ya mwanawe ina melanini kidogo mno ya kujikinga, na saratani ya ngozi humnyemelea mapema.

Mtu akisema "jua linachoma", anataja anachokihisi muda huohuo, yaani joto. Lakini kinachoidhuru ngozi ni mionzi ya urujuanimno, na mionzi hiyo haionekani wala haihisiki. Mtoto hucheza nje mchana kutwa bila kulalamika. Wekundu na maumivu hujitokeza saa kadhaa baadaye, na huwa vikali zaidi kati ya nusu siku na siku nzima tangu alipokaa juani. Mzazi aliyesoma "kuchomwa" atasubiri mtoto aseme linachoma, na atakuwa amechelewa.

"Kuungua" hakimtaji mtendaji wala hisia. Kinataja hali ya kilichopatwa, kama wali unavyoungua jikoni bila mtu kujua mpaka afunue sufuria. Ndiyo maana naunga mkono chaguo lako: "ngozi imeungua na jua". "Kuunguzwa na jua" nako ni sahihi, na kunafaa hasa kwenye faili la mgonjwa, pale unapotaka kubainisha kwamba kilichounguza ni jua, si uji wa moto.

"Kubabuka" ni hatua ya mbele zaidi, tabaka la juu la ngozi linapoachia. Si kila ngozi iliyoungua hubabuka. Isitoshe, mitaani ukisema "amebabuka" wengi watadhani unamsema mtu aliyejipaka mkorogo. Neno la daktari msilitupe, lipeni mahali pake: "Ngozi ikibabuka, usiibandue. Malengelenge usiyatumbue." Ongezeni hapo kwamba mtoto aingizwe kivulini, apozwe kwa maji baridi ya kawaida, anyweshwe maji ya kutosha, na asipakwe dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Akiwa na homa, akitapika au malengelenge yakienea, aletwe kituoni.

"Mafuta ya jua" ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Nyumbani kwetu mafuta ni ya nazi, ya mgando, ya kujipaka baada ya kuoga. Mzazi atachukua alichonacho, ampake mwanawe, amwachie juani akiamini amekingwa. Andikeni "mafuta ya kukinga jua", na mwambieni aangalie kwenye chupa au kopo herufi SPF na namba isiyopungua 30. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Kama kliniki yenu huyapata, yatajeni kwa jina. Na kitenzi "paka" peke yake hakitoshi. "Paka kwa wingi, kabla ya kutoka nje, na urudie kila baada ya saa mbili" ni sentensi ndefu, lakini kila kipande chake kina kazi. Mafuta nayo yasichukue nafasi ya nguo: kofia ya pama na shati la mikono mirefu havihitaji kupakwa upya.

Sasa "jua kali". Masikioni mwa watu, jua kali ni jua la joto. Siku ya mawingu mepesi, au asubuhi yenye upepo wa ziwa, nani atasema jua ni kali? Ilhali mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo, na Mwanza iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Badala ya kuupima ukali, tajeni saa.

Hapo pia pana mtego. Vijikaratasi vingi vya kigeni huagiza watu wakae kivulini "kuanzia 10 hadi 4", na nimewahi kuona namba hizo zikinakiliwa vilevile. Kwa saa zetu hiyo ni saa 10 alasiri mpaka saa 4 usiku, kwa hiyo mtoto angeachiwa nje jua likiwa la utosi. Andikeni "kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri", na maneno "asubuhi" na "alasiri" msiyaondoe hata nafasi ikiwa finyu.